Viunzi vya ngozi: wasomaji waelezwe kinachofanyika chini ya bandeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu habari za "ngozi ya maabara" ambazo gazeti lako, kama yalivyo magazeti mengine, limekuwa likizichapisha mara kwa mara. Mimi ni muuguzi katika wodi ya majeraha ya moto na vidonda sugu. Sina ugomvi na sayansi hiyo. Nimeihudumia kwa mikono yangu, na nimewaona wagonjwa ambao pasipo hiyo vidonda vyao visingefunga. Ninacholalamikia ni namna inavyosimuliwa, kwa sababu msomaji huachwa na picha ya kipande cha ngozi kilichotoka kiwandani, kikabandikwa juu ya kidonda, na kazi ikaishia hapo. Ndugu wa wagonjwa hutujia na ukurasa wa gazeti mkononi, au picha yake kwenye simu, wakiuliza ni kwa nini mama yao anaendelea kuoshwa kidonda na kurudishwa chumba cha upasuaji ilhali ngozi ya kutengeneza imekwisha patikana. Swali lao ni halali kabisa. Jibu lake ndilo ambalo sijalisoma katika habari hizo: hiyo inayoitwa ngozi ya maabara mara nyingi ni kiunzi, yaani utando wenye vitundu ambao seli hujishikiza humo; kiunzi humpa mgonjwa mahali pa kujengea ngozi, anayeijenga ni mwili wake mwenyewe, na pale kidondani pakiwa hapana damu ya kutosha, au pakiwa na nyama iliyokufa na vijidudu, kiunzi huozea hapo hapo hata kingekuwa kimetengenezwa kwa ustadi gani.

Ngozi ya mtu mzima hufikia takriban meta za mraba 1.5 hadi 2, nayo ina matabaka mawili makuu yenye tabia tofauti. La juu, epidemisi, ni jembamba na hujifanya upya kila baada ya wiki nne hivi. Ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. La chini, demisi, ni nene zaidi, limesukwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na ndani yake mna mishipa ya damu, neva, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Mchubuko ulioishia juu hupona bila kuacha alama, kwa kuwa seli za kuirudisha epidemisi zimebaki salama katika mizizi ya nywele na tezi zilizozama chini. Demisi yote ikiungua, seli hizo zimeteketea pamoja nayo, na epidemisi haina tena pa kuanzia isipokuwa kingoni mwa kidonda, ambako hutambaa polepole kuelekea katikati.

Msiba mkubwa zaidi ni wa demisi yenyewe, maana mwili wa binadamu aliyekwisha zaliwa hauna desturi ya kuijenga upya. Huzivuta kingo za kidonda zikaribiane, kisha huziba pengo lililobaki kwa kovu, ambalo nyuzi zake za kolajeni hulala kuelekea upande mmoja badala ya kusukana pande zote, na ambalo hata likikomaa halipiti asilimia 80 hivi ya uimara wa ngozi ya awali. Kovu la namna hiyo likiwa mgongoni mtu anaweza kuishi nalo. Likiwa kwenye kiwiko, kwapani au shingoni, hukaza mwezi baada ya mwezi hadi mkono haunyooki na kidevu kinavutwa kifuani. Kwa watoto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto hurefuka na kovu lake halirefuki naye, hivyo anarudishwa kwa upasuaji kila anapokua.

Tiba ya zamani ya tatizo hilo, ambayo mpaka leo haijapata wa kuishinda pale inapowezekana, ni kumhamishia mgonjwa ngozi yake mwenyewe. Daktari Jacques-Louis Reverdin alionyesha mjini Paris mwaka 1869 kwamba vipande vidogo vya ngozi vikiwekwa kidondani hushika na kusambaa. Leo daktari huichonga ngozi ya paja kwa mashine, kwa unene wa sehemu ndogo tu ya milimita, huipitisha katika chombo cha kuitoboatoboa ili itanuke, kisha huilaza juu ya kidonda. Paja lenyewe hupona katika wiki mbili hivi kwa kuwa sehemu kubwa ya demisi yake imeachwa. Lakini aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili hana paja la kuchongwa, wala tumbo, wala mgongo. Na hata aliye nalo, ngozi nyembamba kama hiyo hubeba demisi kidogo sana, kwa hiyo ikishika nayo hujikunja. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo hutokea katika kanda za shirika hilo za Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Waliosalimika wakabaki na makovu ya kuwazuia kufanya kazi hawahesabiwi humo.

Viunzi viliingia kupitia pengo hilo. John Burke, daktari wa upasuaji mjini Boston, alihitaji kitu cha kuwafunikia wagonjwa baada ya kuikata ngozi yao iliyoungua, na akashirikiana na Ioannis Yannas wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), mtaalamu wa kolajeni. Mwanzoni walitafuta kifuniko tu, cha kuzuia maji yasipotee na maambukizi yasiingie. Walichotengeneza kilikuwa utando wa pande mbili: upande wa chini ni kolajeni ya kano za ng'ombe iliyochanganywa na kondroitini salfeti, kemikali itokanayo na gegedu la papa, ikagandishwa na kukaushwa hadi ikabaki na vitundu tele, upande wa juu ni silikoni nyembamba ya kushika nafasi ya epidemisi kwa muda. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kati ya asilimia 50 na 95 ya mwili. Kilichofanya kazi yao idumu ni jambo ambalo hawakulipanga: kidonda kilichowekewa utando huo kilichelewa kujikunja, na pale ambapo lingetarajiwa kovu ilijengeka tishu iliyokaribia demisi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliuidhinisha mwaka 1996 kwa jina la Integra, miaka 15 baada ya chapisho lile. Nataja miaka hiyo 15 makusudi, kwa sababu habari za siku hizi humpa msomaji matumaini ya mwaka ujao.

Siri ya utando ule imo katika vipimo. Yannas na wenzake walibaini kwamba vitundu vinatakiwa kuwa na upana wa kati ya maikromita 20 na 125, yaani kati ya sehemu mbili na kumi na mbili na nusu za mia za milimita. Vikiwa vidogo kuliko hapo, seli hushindwa kupenya. Vikiwa vikubwa mno, kuta za kolajeni za seli kujishikiza hupungua, na zile seli zinazokikunja kidonda huungana na kuvuta kwa pamoja kama kawaida yake. Kasi ya kuyeyuka nayo ina mpaka wake, kwa kuwa kiunzi kinachoyeyuka upesi huondoka kabla seli hazijatandaza kolajeni yao, na kinachokawia huzuia njia na mwili ukakichukulia kuwa kitu kigeni. Kisha kuna damu. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya maikromita 200 hivi huanza kukosa oksijeni, na ndiyo maana hakuna anayeweza kukuza maabara kipande kinene cha ngozi hai, akakilaza kidondani na kukikuta hai kesho yake, isipokuwa mishipa imepata njia ya kukifikia. Ngozi nyembamba ya paja huvumilia siku mbili za kwanza kwa kufyonza majimaji ya kidonda mpaka mishipa iungane. Kiunzi kinene hakina mishipa ya kuunganishwa. Lazima mishipa mipya iote kutoka chini na kukipanda chote, na kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu.

Wiki hizo ndizo zisizoonekana magazetini, Ndugu Mhariri, na ndizo zinazoamua kila kitu. Kabla ya utando kuguswa, daktari hukata kilichokufa chote mpaka afikie tishu inayochuruza damu nukta nukta. Damu hiyo hiyo lazima isimamishwe kabisa, kwa sababu hata kidimbwi kidogo kikijikusanya chini ya utando kitaunyanyua, na palipoachana mishipa haivuki. Utando hukatwa kufuata umbo la kidonda, hushonwa au kubanwa kwa pini za upasuaji kingoni, ukafungwa bandeji isiyoruhusu kuteleza. Baada ya hapo kazi ni ya macho. Silikoni inaonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo tunaibadilisha bandeji na kutazama rangi: mwanzoni wekundu wa damu, kisha waridi, na kuelekea wiki ya tatu hupauka hadi manjano hafifu, dalili kwamba kolajeni mpya imejaa. Mahali palipotuna na kuteleza chini ya kidole pana majimaji. Hutobolewa tundu dogo, majimaji yakakamuliwa taratibu kwa shashi, eneo likakandamizwa. Palipo na wingu jeupe na harufu pana usaha, na kipande hicho hukatwa na kutupwa siku hiyo hiyo kabla hakijaharibu vilivyobaki. Nimeshuhudia utando wa mguu mzima ukiondolewa kwa sababu ya maambukizi yaliyoanzia kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa kucha. Kila kitu kikienda sawa, silikoni hubanduliwa kwa koleo, nayo huachia bila kunyanyuka na kilicho chini, na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji kuwekewa ngozi yake mwenyewe, iliyochongwa nyembamba kuliko ya kawaida. Kwa maneno mengine, kiunzi mashuhuri kuliko vyote huishia kumhitaji mgonjwa atoe ngozi yake, ingawa kwa kiasi ambacho paja litakirudisha upesi.

Msomaji makini atauliza ni kwa nini epidemisi nayo isikuzwe. Imekuzwa, na mapema. Watafiti James Rheinwald na Howard Green walionyesha mwaka 1975 jinsi ya kuzalisha seli za epidemisi ya binadamu kwa wingi, na baadaye ikawezekana kipande cha sentimita chache za mraba kitoe, ndani ya wiki tatu hadi nne, karatasi za seli zinazotosha kumfunika mtu mzima. Katika miaka ya 1980 karatasi hizo ziliokoa maisha ya watu waliokuwa wameungua karibu mwili wote. Hata hivyo, waliozitumia waliona upesi udhaifu wake: ni nyembamba mno, huvurugwa na vijidudu kwa urahisi, hufanya malengelenge kwa msuguano mdogo, na juu ya kidonda kisicho na demisi mara nyingi hazishiki, kwa kuwa nanga zinazoifunga epidemisi kwenye demisi huchukua miezi mingi kujengeka. Linganisha na kisa kilichoandikwa duniani kote mwaka 2017, cha mtoto wa miaka 7 aliyetibiwa Bochum, Ujerumani, kuanzia mwaka 2015, akiwa na ugonjwa wa kurithi unaoifanya epidemisi ibanduke. Michele De Luca na wenzake wa Italia walichukua seli zake, wakazirekebisha kasoro ya jeni, wakazikuza, na madaktari wakamrudishia epidemisi mpya ya takriban asilimia 80 ya mwili. Ni mafanikio ambayo mimi binafsi nayaweka juu kuliko yote katika fani hii. Lakini ugonjwa ule huipokonya ngozi tabaka la juu na kuliacha la chini, kwa hiyo seli zilipata demisi ya kushikilia. Magazeti yaliyoandika kwamba njia hiyo sasa itawatibu walioungua yaliruka hatua nzima.

Lipo pia kundi la viunzi vinavyokuja vikiwa na seli hai za mtu mwingine. Eugene Bell wa MIT alionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba seli za demisi zikichanganywa na rojo la kolajeni hulivuta na kulifanya tishu, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana Apligraf, yenye tabaka la demisi na la epidemisi, ambazo seli zake hutokana na magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa. FDA iliiidhinisha mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena kushindwa kurudisha damu, na mwaka 2000 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Hata hii, ambayo msomaji angedhani ndiyo ngozi kamili, haikai. Baada ya wiki chache seli za mgeni huwa zimetoweka. Kazi yake ni kumwaga kemikali za kuziamsha seli za mgonjwa zilizozubaa, kisha kuondoka.

Utafiti uliofungua njia ya matumizi ya kisukari unastahili kusomwa taratibu, na ningependa waandishi wako wausome. Baada ya wiki 12, vidonda vya wagonjwa 63 kati ya 112 waliowekewa Apligraf vilikuwa vimefunga, sawa na asilimia 56. Ukisimama hapo una kichwa cha habari. Lakini kulikuwa na kundi la pili la wagonjwa 96 ambao kidonda kilisafishwa, kikafunikwa kwa shashi yenye unyevu, na mguu ukaondolewa uzito. Kati yao 36 walipona, sawa na asilimia 38. Tofauti ni ya kweli na ina maana kwa mgonjwa. Nami kwa kazi yangu naitazama zaidi ile 38: zaidi ya theluthi moja ya vidonda vilivyokuwa vimekataa kupona vilifunga kwa maji safi ya chumvi, kisu cha kukata kilichokufa, na kiatu au plasta ya kukinga unyayo usikanyage. Wala kundi la kwanza halikunyimwa hayo; lilipata yote hayo na kiunzi juu yake. Hospitali inayonunua kiunzi huku haina mtu wa kusafisha kidonda wala kifaa cha kuupumzisha mguu inajinunulia matokeo ambayo hayajawahi kupimwa na mtu yeyote.

Kidonda cha kisukari kina ubishi wa aina yake. Damu ina sukari nyingi, mishipa midogo imeharibika, neva hazisikii maumivu ya kumkumbusha mtu asikanyage, na majimaji ya kidonda hujaa vimeng'enya vinavyotafuna kolajeni. Ukiweka kiunzi cha kolajeni katika majimaji hayo bila kuutibu uvimbe na maambukizi, vimeng'enya hukitafuna nacho. Nimewahi kufungua bandeji siku ya tano nisikute kitu isipokuwa utelezi. Mguu usio na mapigo ya damu kwenye kifundo unahitaji kwanza daktari wa mishipa. Kidonda cha vena kinahitaji bandeji ya kubana, na kinaihitaji hata baada ya kupona. Hayo hayapigiwi picha, nakubali.

Jambo lingine linaloachwa ni asili ya malighafi. Viunzi vinavyotumika hutengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, kwa demisi ya binadamu waliofariki iliyooshwa seli zote, kwa kaitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, au kwa plastiki zinazoyeyuka mwilini. Iceland hutumia ngozi ya samaki aina ya kodi iliyoondolewa seli. Nchini Brazili, watafiti wa Fortaleza wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia iliyosafishwa na kuondolewa vijidudu. Hiyo ya Brazili, kwa njia, hufanya kazi ya bandeji: hukaa hadi ngozi ya chini ipone kisha hutolewa, kwa hiyo si haki kuitaja katika sentensi moja na kiunzi kinachogeuka kuwa sehemu ya mtu. Mgonjwa ana haki ya kujua kinachowekwa mwilini mwake kimetoka kwa mnyama gani. Wapo ambao dini yao inawapa jibu la haraka, wapo wanaotaka kwanza kumuuliza kiongozi wao, na wote wanapaswa kupewa nafasi hiyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, kwa sababu wakiwa tayari kwenye kitanda cha upasuaji ridhaa hiyo haina maana. Gazeti likilitaja jambo hilo mapema, litaturahisishia mazungumzo.

Naomba pia habari ziseme majaribio yalifanywa kwa nani. Ukisoma kwamba kiunzi kipya kilichochapwa kwa printa ya pande tatu "kimeponya majeraha kwa siku chache", mara nyingi mgonjwa alikuwa panya. Panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi unaoivuta ikajifunga, hivyo kidonda chake kingefunga kwa sehemu kubwa hata kisingewekewa kitu. Ngozi ya nguruwe inakaribia zaidi ya kwetu, na ni kwa nguruwe mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962 kwamba kidonda kilichotunziwa unyevu huota epidemisi kwa kasi ya karibu mara mbili ya kile kilichoachwa kikauke na kufanya kigaga. Yupo hata panya mmoja wa kipekee, panya wa miiba, ambaye akikamatwa huchunika ngozi na kukimbia. Mtafiti Ashley Seifert na wenzake waliwachunguza panya hao wa Kenya na kutangaza mwaka 2012 kwamba huiotesha ngozi hiyo upya pamoja na vinyweleo vyake, pasipo kovu. Huko ndiko kuota upya kwa kweli, na viunzi vyetu bado viko mbali nako.

Namna vilivyo mbali huonekana baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Demisi iliyojengwa juu ya kiunzi haina mizizi ya nywele wala tezi za jasho. Aliyepandikizwa eneo kubwa la mwili hatoi jasho hapo, hivyo joto likizidi hulemewa upesi, na ngozi yake hukauka na kuwasha mpaka ajipake mafuta mara kadhaa kwa siku. Rangi hutofautiana na sehemu zilizobaki. Hisia hurudi kwa sehemu, kwa wengine baada ya miezi mingi, na mguso wa maji ya moto unaweza kumpita bila yeye kujua. Mazoezi ya viungo na nguo za kubana huendelea kwa mwaka na zaidi. Watafiti wanajaribu kuingiza tezi, seli za rangi na mishipa ya damu katika viunzi kabla ya kuvipandikiza, na baadhi ya matokeo ya maabara yanatia moyo, ila kwa mgonjwa aliyelala wodini leo hayo bado hayajafika.

Sijaandika haya ili waandishi wako waache kuandika habari za viunzi. Waandike zaidi, na waandike kwa urefu. Waulize kama kiunzi kinachosifiwa kina seli au hakina, kinabaki mwilini au kinatolewa, kinatoa demisi, epidemisi au vyote, kilijaribiwa kwa mnyama gani au kwa watu wangapi, na wale ambao hawakuwekewa kiunzi walipata matunzo gani. Waulize nani atakayesafisha kidonda kesho yake asubuhi. Juu ya yote, wasije siku ya upasuaji pekee, ambapo hata utando utakaooza wiki ijayo hupendeza katika picha. Mwandishi aliyempiga mgonjwa picha siku hiyo arudi kwake baada ya mwaka mmoja, amwombe anyooshe kiwiko, ageuze shingo pande zote mbili, kisha aandike alichokiona. Sisi wa wodini, mgonjwa akiridhia, tutamfungulia mlango na kumwonyesha kumbukumbu za kila bandeji iliyofunguliwa.

Wako,
Muuguzi wa majeraha ya moto na vidonda sugu